Baba Mkwe Ndani ya Redio

Jumatatu, 5 Juni 2000
Mimi, Ambilikile wa Lufingo, leo nimekuwa mtangazaji wa redio! Haya, sijawa. Nilikwenda tu pale redio mpya ya Tukuyu, nikagoma kuondoka. Bosi wao, binti aitwaye Doreen, akachoka. Akasema kipindi cha salamu hakina mtu: nijaribiwe mimi, ajaribiwe pia Zubery, fundi cherehani wa Bagamoyo. Atakayeletewa kadi nyingi za salamu hadi Ijumaa, kipindi chake. Zubery! Kiswahili kitamu kama tende, lakini ndugu wa kumsikiliza huku hana. Mimi miaka arobaini nachuma chai huku nikiyasomea majani taarifa ya habari. Hakuna jani lililolalamika.

Jumanne, 6 Juni
Mipango ya vita. Wanangu na wa marehemu kaka: nyumba nane, wakamwana wanane. Mchana wanaume wako kilabuni. Wasikilizaji ni wanawake, jikoni. Nimeuza mikungu mitano ya ndizi, nikanunua betri na kadi. Mke wangu Veronika akasambaza. Mwenyewe sithubutu. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawakutani. Sekela, mke wa mwanangu Hosea, akisikia kikohozi changu njiani tu, anapotelea migombani. Heshima safi! Veronika akauliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia mambo ya redio hayajui.

Jumatano, 7 Juni
Nimetangaza! Nilinguruma salamu ya kwetu: Ugonile, Rungwe nzima! Nikasoma salamu, nikatupia vichekesho, nikacheka mwenyewe kumsaidia msikilizaji. Doreen alishika kichwa. Kwa furaha, nadhani.

Jioni Veronika karudi kutoka kwa Hosea, anacheka mpaka anashika ukuta. Eti nilipofungua kinywa tu, Sekela aliifunika redio kwa khanga, akatoka mbio kwenye manyunyu. Maharage yakaungua. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, redio ilirushwa migombani. Nyumba nane, vyungu nane! Nikasema upuuzi, mimi nilikuwa Tukuyu! Veronika akasema Sekela kashatoa hukumu: sauti ya baba ikiingia jikoni, baba kaingia. Na wanauliza, mzee gani huyu anavamia majiko manane saa saba mchana?

Alhamisi, 8 Juni
Zamu ya Zubery. Kaibana pua, wapendwa wasikilizaji, wapendwa wasikilizaji. Nimesikiliza kwa chuki mpaka mwisho.

Ijumaa, 9 Juni
Zubery kadi hamsini na mbili. Mimi tatu: mbili za Veronika, moja niliiandika mwenyewe. Na hizo za Zubery? Nyingi ni zangu! Nilizonunua! Wakamwana wamempelekea yeye!

Kakabidhiwa kipindi, akaanza kuzisoma palepale. Sekela wa Lufingo anamsalimu mzee wake, ambaye jina halitamki. Anasema ndaga fijo, asante sana, kwa betri, baba, na je, goti limepona? Miaka tisa kaolewa kwetu, hajapata kuniuliza neno. Wakafuata wale saba, mmoja mmoja, wote kwa mzee asiyetajwa. Nikawahesabu kwa vidole, mara mbili. Kwa ajili ya hesabu tu.

Jumapili, 11 Juni
Nimegundua kosa. Kosa si mimi, ni sauti. Mkamwana anakimbia sauti ya baba mkwe. Sauti ya bibi haimkimbizi mtu. Tangu jana nafanya mazoezi bandani, sauti nyembamba. Kuku wamehama. Veronika yuko kanisani tangu asubuhi, ibada iliisha saa tano. Jina ninalo: Bibi Tumaini. Na barua tayari:

Mwanangu Doreen, siku mliyofunga antena juu ya paa, mvua ikanyesha, wenzako wote wakakimbia. Nani alikushikia ngazi? Sikudai hata chai. Sasa na wewe nishikie kidogo: dakika tano tu za Bibi Tumaini, kabla ya Zubery, na Zubery asiambiwe.