Masharti ya Bure

Haitham alikwenda hospitali kumsindikiza shangazi yake, lakini masikio yake yalikwenda kutafuta riziki. Nesi alikuwa akiwaambia akina mama kwamba ndani ya kibofu cha mkojo wanaishi vijidudu wengi, tena wengine wema, wanaowazuia wabaya, na kwamba namna mtu anavyoishi huwastawisha au huwaua. Waliokuwa foleni walisinzia. Haitham akasimama wima. Kitu kisichoonekana ni rahisi kukiuza kuliko vyote, maana mnunuzi hawezi kukirudisha akadai kimepungua.

Akauza Vespa yake, kipenzi cha roho yake, akanunua chupa ndogo ndogo, akazijaza maji ya ukwaju na asali kidogo. Akaenda kijiji cha Vitongoji, huko huko Pemba, kwa akina mama wakulima wa mwani, ambao maji yakipwa hushinda pwani wamebana mkojo mpaka warudi nyumbani. Wengi wao walikuwa wakilalamika kuungua.

"Humu mna vijidudu wema," akasema, chupa juu. "Wanahamia kwenye kibofu chako, mama, kama wapangaji wenye adabu."

Bi Mwanawema, mkuu wa kikundi chao, akaitazama chupa, kisha akamtazama mwenye chupa. "Na masharti yake, mwanangu?"

Haitham akababaika. Alikuwa amesahau kwamba Pemba dawa isiyo na masharti haina tofauti na sharubati. Akayakwapua yale aliyoyasikia kwa nesi: maji mengi kutwa, mkojo usibanwe, huko ndani kusitiwe sabuni ya manukato wala marashi, na mwenye homa aende hospitali.

"Malipo ni gunia la karafuu," akamalizia.

"Tukipona," akasema Bi Mwanawema. "Mganga hupewa chake watu wakishapona. Au dawa yako huiamini?"

Haitham akakubali, akawaachia chupa zote.

Mwezi mzima alitembea kwa miguu Chake Chake, akiomba dua ambayo tapeli hana haki ya kuiomba. Aliporudi, wanawake walikuwa wazima, wanacheka. Hata pwani wamejijengea choo cha makuti. Gunia lilikuwa tayari, limeshonwa, linanukia mpaka barabarani. Furaha ikampanda. Akaiona Vespa mpya, tena nyekundu.

"Lifungue kwanza," akasema Bi Mwanawema. "Usije ukasema tumekudhulumu."

Akalifungua. Juu karafuu, zimetandazwa kiganja kimoja. Chini makonyo matupu, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa.

"Bi Mwanawema, haya makonyo."

"Harufu si ile ile?" Akamsogezea kapu la chupa, zote na vizibo vyake ila moja. "Hiyo niliionja mie. Ukwaju. Basi chupa tukaziweka, tukafuata masharti. Na masharti, mwanangu, ulitupa bure."

Haitham akabeba kapu lake, akaikabili njia ya Chake Chake na jua la saa saba.

"Ngoja," Bi Mwanawema akamwita, akamletea kopo la maji. "Kunywa yote, baba. Na njiani usibane."