Mzima Jumatano, Mahututi Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema! Rochelle, dada anayewatafutia wazee wa makao haya nyumba za kuishi wenyewe, kaja na picha za chumba huku huku Toledo. Ghorofa ya chini. Jiko. Mlango wenye kufuli! Nilivunjika nyonga miezi kumi na minne iliyopita, na tangu hapo watu wananiingilia chumbani bila hodi.

Watakuja wawili kunipima: nesi Jumatano, mtaalamu wa mazoezi Ijumaa. Nikishindwa, chumba anapewa anayefuata kwenye orodha, naye ni Wendell, mwenzangu wa chumbani. Wendell! Mtu anayebishana na televisheni. Rochelle kasema, Mzee Cleo, wewe waambie ukweli tu, basi. Ukweli! Binti wa watu bado mdogo.

Jumatano, 5 Machi
Nesi kaja. Fremu ya kutembelea nimeificha nyuma ya pazia. Nimetembea mbele yake kama askari, hatua sita, na maumivu nimeyameza. Kauliza nani ananiogesha. Nikamwambia naoga mwenyewe mara mbili kwa siku, na wakitaka nitawaogesha na wengine. Kauliza kuhusu soksi. Nikacheka. (Soksi kanivalisha Wendell asubuhi, kwa malipo ya vipande viwili vya mkate wangu wa mahindi. Alikuwa anatabasamu muda wote. Sijui kwa nini.)

Nesi kaandika kurasa tatu. Chumba changu hicho!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Rochelle kapiga simu. Nesi kaandika kwamba sihitaji msaada wowote. Kumbe mpango huu ni wa watu wanaohitaji uuguzi! Ukiwa mzima hupewi msaidizi wa kukuogesha, na bila msaidizi chumba hupati. Wendell anasema alilijua hilo tangu mwanzo, ila mimi sikumuuliza. Shenzi.

Rochelle kaniombea nipimwe upya Jumatatu. Karudia ule wimbo wake wa ukweli. Sikumsikiliza, nilishaelewa: hawa wanataka mgonjwa. Kesho watampata.

Ijumaa, 7 Machi
Mtaalamu kanipeleka kwenye jiko la majaribio, nikaange yai. Mimi nimekaanga mayai miaka hamsini. Nikatetemesha mikono, yai likaanguka. La pili nalo chini. Nikamuuliza jiko linawashwaje. Kisha nikajibwaga kitini nikaanza kuhema. Kasema pole sana, mzee wangu, akafuta sakafu, akaondoka.

Kumbe kazi yake yeye ni kuangalia kama naweza kukaa peke yangu bila kuunguza nyumba! Sasa nina karatasi mbili: Jumatano mzima, Ijumaa mahututi. Wendell kacheka mpaka kapaliwa na juisi. Mimi nimejifungia chooni nikalia kidogo. Nautaka ule mlango. Nautaka kweli.

Jumatatu, 10 Machi
Mpango wa leo ulikuwa safi: mgonjwa mbele ya nesi, mzima mbele ya mtaalamu. Lakini wamekuja pamoja! Tena saa nzima kabla ya wakati. Wamenikuta bafuni kwenye kiti cha kuogea, uchi, nasuguliwa mgongo, mguu wa kulia umegoma kunyanyuka, nami nafoka kwamba maji ni ya baridi. Nesi kaandika.

Nikatoka na hasira na njaa, maana uji wa asubuhi ulishapoa. Nikaisukuma fremu yangu hadi jikoni, nikawaambia wote wawili wanipishe, nikakaanga mayai matatu, nikazima jiko. Nikala. Mtaalamu naye kaandika.

Nimepita! Wamesaini wote! Rochelle kanikumbatia, kasema unaona sasa, Mzee Cleo, ndicho nilichokuwa nakwambia. Sikutaka kumvunja moyo. Ni wazi kwamba wale wawili walihisi nina mpango mkubwa, wakaogopa.

Jumatano, 2 Aprili
Siku ya tano kwenye chumba changu. Msaidizi kaja asubuhi kuniogesha, akabisha hodi. Nikanyamaza makusudi ili abishe tena. Akabisha tena. Raha iliyoje! Nilikaa pale kitandani machozi yananilengalenga.

Lakini kuna jambo. Chumba kinachotazamana na changu kahamia nani? Wendell. Kumbe kilipatikana kingine. Naye anapewa msaidizi saa nne kwa siku. Mimi saa mbili! Nimemuuliza kafanyaje. Eti kawaambia anachoweza na asichoweza, wakaandika. Mimi si mtoto wa kudanganywa hivyo.

Rochelle anakuja Ijumaa kuangalia naendeleaje. Nimeanza mazoezi ya kuchechemea, kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi. Natumia mguu wa kushoto. Ule mbovu hauchechemei vizuri.