Yah: Mume Wangu Kuzima Kila Kitu Baada ya Dakika Tano

Mheshimiwa Mkuu wa Marubani,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni mke wa yule rubani wako mrefu, mpole, anayepiga pasi hata soksi. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nasikia ndege zenu mpya zina kasoro: kile kifaa cha kupasha injini joto angani isishike barafu kisipozimwa ndani ya dakika tano, ganda la injini linaungua. Hakina taa ya kuonya wala kengele. Badala ya kukitengeneza, ofisi yako imetoa amri kwamba marubani wakumbuke. Basi mume wangu anajizoeza kukumbuka, na uwanja wa mazoezi ni nyumba yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jiko. Kila nikibandika maharage, huyo anakuja mbio na kuzima. Juzi tulikuwa na wageni. Maharage yaligongana kwenye sahani kama kokoto, na wageni, kwa adabu zao, wakatafuna.

2. Maji ya kuoga. Anazima hita mimi nina povu machoni. Nikipiga kelele, ananishukuru kwa taarifa.

3. Mama yangu mzazi. Alikuja kututembelea, akaanza kumweleza mkwewe habari za magoti yake. Mama akianza na goti la kulia, la kushoto hulifikia jioni. Mume wangu akatazama saa, akamziba mdomo kwa kiganja, taratibu kabisa, kisha akatangaza kwamba mama amezimwa salama. Mama kanuna, hasemi na mtu.

4. Hili naliandika nimeinamisha uso. Chumbani nako ni dakika tano, Mheshimiwa. Amri yako haikutaja chumbani. Nimeisoma yote.

5. Jana mchana alisinzia kwenye kochi. Nikamwona anapapasa ukuta kwa kidole, anatafuta swichi, jasho linamtoka. Nilimshika mkono mpaka akatulia. Hapo sikucheka. Mtu huyu anaogopa kusahau, na anabeba roho za watu.

Jamani, birika langu la umeme, la bei ya chee, hujizima lenyewe maji yakichemka. Ndege yenu, ambayo bei yake hata haitamkiki, imeshindwa nini? Naomba basi moja kati ya haya: mlifunge birika langu kwenye injini, au mniajiri nikae nyuma ya marubani niwakumbushe, maana sauti yangu mtaa mzima unaijua, au mumpe mume wangu kazi ya mezani, mnirudishie yule aliyekuwa akisahau hata siku yangu ya kuzaliwa. Yule nilimpenda.

La sivyo nitakuja hapo ofisini na sufuria yangu, nipike juu ya meza yako mpaka maharage yaive.

Wasalimie wote: makatibu, wahudumu wa ndege, na hasa yule fundi aliyesema tatizo ni dogo.

Wako kwa heshima na njaa,
Mke wa Rubani

N.B. Bahasha nilishaifunga, nimeifungua tena. Kumbe kesho mama anarudi kwake kwa ndege hizo hizo! Nimeulizia rubani atakayemrusha, naambiwa ni kijana mchangamfu, hana wasiwasi na lolote. Mheshimiwa, nakupigia magoti, mtoe huyo. Mweke mume wangu, hivyo hivyo alivyo, msimpunguze hata chembe. Na barua hii ichane.