Waya wa Jiko la Mzungu

Jumatatu, 3 Julai 1995
Lushoto nzima haina mtu mwenye bahati kama mimi. Nyumba niliyopanga alikaa mzungu wa mradi wa misitu. Karudi kwao na jiko lake la umeme, waya wake mnene kauacha ukutani, hauna kazi. Wenzangu wanangoja soko huria liwaletee mali. Yangu imo jikoni!

Jumanne, 4 Julai
Mama mkwe anakuja kutoka Bungu. Mke wangu Latifa anasema mama akiona ujinga mmoja tu, kama ule wa mwaka jana (siuandiki), ataondoka naye. Nimemwambia atulie. Jirani Kornelio anaanika nguo kwenye kamba ya nailoni, anaringa eti ya Dubai. Nikaupitisha waya dirishani kuelekea kwenye mkaratusi, uwe kamba yangu ya kuanikia. Haukufika. Nikaunga kipande, nikasokota. Mabuti ya mpira miguuni, koleo la mpira mkononi: mhandisi kamili. Utepe wa kufunika kiungo sikufunga, wa nini?

Jumatano, 5 Julai
Mkwe kafika. Nikachutama mbali kama adabu inavyotaka, nikatoa shikamoo. Kaisifu kamba. Latifa katabasamu, mara ya kwanza tangu Idi. Nimeshinda.

Alhamisi, 6 Julai
Ukungu. Mkwe kafua, katoka peku kwenye majani mabichi, katupia kanga mbichi palepale nilipounga. Akarushwa nyuma, akakaa ndani ya karai. Mimi sikusogea: mkwe hashikwi. Mzima. Halafu akasema taratibu, “Latifa, kamba ya mumeo inauma.”
Kornelio kamwita fundi Tobia. Fundi kachomoa fyuzi ya jiko, kapima, kakata waya, kafunika kila ncha peke yake ndani ya kiboksi, kaandika juu: JIKO, HAITUMIKI. Kasema waya usio na kazi si waya usio na umeme. Kanisifu kwa kutomshika mkwe kabla umeme haujazimwa. Nikasema ndiyo, utaalamu.

Ijumaa, 7 Julai
Wameondoka na gari la asubuhi. Nimempa mkwe koti langu zito. Kalipokea bila kuniangalia. Latifa kasema nisimfuate mpaka niitwe.
Nitawafuata Jumapili. Zawadi ninayo: waya wote uliokatwa. Kwa mkwe hakuna umeme, utafaa kuanikia.
Ile bahati niliyoandika Jumatatu ni uongo. Fundi Tobia alishaniambia kabla sijaugusa kwamba waya una umeme, uzimwe kwanza. Nikaona anatafuta kazi.