Kompyuta ya Ofisi Imekataa Kuharibika

Ofisi ya Kanisa,
Kihoto, Naivasha.
Jumatano asubuhi.

Kwa Mzee Kamande,
Mwenyekiti, Kamati ya Ofisi.

Mzee wetu mpendwa,

KUH: OMBI LA KUONDOLEWA LINUX

Pokea salamu zangu za heshima. Katika miaka kumi na mmoja niliyokuwa karani wa kanisa hili sijawahi kulalamika, hata mwaka ule ziwa lilipoingia ofisini nikachapa programu za mazishi nikiwa nimevaa gambuti. Leo imenibidi.

Aprili, binti yako Becky, anayefundisha kompyuta kule Nakuru, alikuja likizo, akaona Windows yetu inavyohangaika, akaifuta na kutuwekea Linux, programu nyingine ya kuendesha kompyuta. Alisema ni ya bure, haishikwi na virusi ovyo, na ni mali ya watu wote. Nilimshukuru, nikamfungia na ndizi za kubeba. Sikujua alichonifanyia.

1. Kompyuta haiharibiki. Zamani, kila Jumatano, Sydney wa kwaya alikuja na flashi yake yenye nyimbo na virusi, na kufikia saa nne kompyuta imeganda. Hapo nilimpigia fundi Nderitu. Alikuja na bisibisi yake, akatengeneza, akanywa chai na chapati. Sasa flashi ni ileile, virusi ni vilevile, na kompyuta haina habari. Imepita miezi mitatu Nderitu hajakanyaga hapa. Fundi mwenye adabu zake hawezi kuingia ofisi ambayo haina kitu kibovu.

2. Nisieleweke vibaya. Mimi ni mjane wa miaka sita na simtafuti mtu. Lakini Nderitu ndiye aliyebeba kompyuta ya kanisa kichwani siku ya mafuriko, maji yakiwa kiunoni, kisha akarudi kubeba kiti changu. Chapati mbili za Jumatano sasa nazila peke yangu, na hazipiti.

3. Linux inaidhalilisha kamati. Becky anasema imeandikwa na maelfu ya watu wasiofahamiana, wa nchi mbalimbali, bila posho wala chai ya saa nne, nao wakaelewana. Kamati yetu ina watu saba, wote wa Kihoto, na tangu Pasaka haijaelewana kuhusu rangi ya pazia. Waumini wakipata habari hizi, wataanza kuuliza maswali.

4. Haina siri. Inasemekana mtu yeyote anaweza kuifungua ndani aone ilivyotengenezwa, na akitaka airekebishe. Mzee, tukizoea mambo hayo, kesho mtu atataka kuona kumbukumbu za mkutano wa pazia.

5. Inaniomba ruhusa. Ikitaka mabadiliko mapya, inauliza kwanza kwa upole na kusubiri. Mimi nimelelewa na kufanya kazi na watu wasiouliza. Kuulizwa ninachotaka kunanifanya nianze kufikiria ninachotaka, na hilo, kama nilivyoeleza kwenye namba mbili, halinisaidii.

Kwa hiyo naomba Windows irudishwe. Kama haiwezekani, kamati ipitishe azimio kwamba kompyuta iharibike angalau kila Jumatano, kati ya saa nne na chakula cha mchana. Isiharibike sana. Iharibike kiasi cha vikombe viwili.

Nisalimie Mama Becky, wazee wote, akina mama wa Alhamisi, na kwaya yote. Sydney mwambie asiache kuleta flashi.

Ni mimi, karani wako asiyelalamika,
Nekoye

N.B. Mzee, samahani kwa mwandiko. Barua hii niliichapa vizuri, lakini asubuhi Linux iliniomba ruhusa ya mabadiliko, nikakubali, na tangu hapo haiioni printa kabisa, ndipo nikainakili kwa mkono. Becky amejaribu kunielekeza kwa simu akashindwa. Nikampigia Nderitu. Alifika kabla sijakata simu vizuri, akiwa amevaa shati la Jumapili. Amesema hajawahi kushika Linux, kwamba itabidi tujifunze pamoja, na kwamba kazi yenyewe huenda ikafika Krismasi. Halafu, akiangalia kikombe, amekiri kwamba vile virusi vya Sydney angeweza kuvimaliza siku ya kwanza.

Tafadhali Linux isiguswe na mtu. Na ile printa mpya mliyoniahidi, wapeni Shule ya Jumapili.