Cheo cha Ukucha

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Mwalimu Mkuu anastaafu. Bibi wa watu, magoti yamemgomea. Jumamosi atatangaza nani atarithi klabu yetu ya karate: mimi au shemeji. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Tulipata mkanda mweusi siku moja, na tangu siku hiyo hajawahi kunipisha mlangoni. Mimi ndiye ninayefaa. Nimejipima mwenyewe, bila upendeleo.

Tatizo ni moja tu. Ukucha wa kidole gumba, mguu wa kulia. Ulianza na doa jeupe, ukawa wa manjano, sasa ni wa kahawia, mnene, na unamong'onyoka kama biskuti kuukuu. Na karate ni kazi ya miguu peku! Mke wangu anasema niende hospitali. Nimemwambia mtu wa mkanda mweusi haendi hospitali kwa ajili ya ukucha. Nimeuloweka kwenye siki. Rangi ni ileile, na nyumba nzima inanuka siki, mpaka mito.

Jumanne, 4 Juni

Balaa, halafu neema! Nilikuwa nawaonyesha watoto teke la mbele. Yule binti mdogo mwenye pengo akauliza, mbele ya wazazi wote, mbona ukucha wa mwalimu umeoza. Shemeji akatabasamu mpaka masikioni.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Ninaipenda sana akili yangu. Nikawaeleza kwamba ukishafika mkanda mweusi, mikanda imekwisha, unahamia kwenye kucha. Kwanza nyeupe, halafu manjano, halafu kahawia, mwisho nyeusi. Ni mateke ya miaka mingi yanayoivisha ukucha. Mimi niko kahawia, nimebakiza ngazi moja! Watoto wakaguna kwa mshangao. Baba mmoja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilirudi nyumbani natembea kama bwana harusi.

Alhamisi, 6 Juni

Sifa zimeenea. Mama mmoja analalamika mwanawe hataki kuosha miguu, eti asishushwe cheo. Mtoto mwingine kaja na kucha zote kumi amezipaka manjano kwa kalamu ya rangi. Nikamkaripia. Cheo hakirukiwi!

Jioni Mwalimu Mkuu akaniita ofisini. Kumbe alitaka kuniuliza, kwa kunong'ona, iweje maisha yake yote ya karate asiambiwe habari hii. Akavua kandambili. Kucha zake ni za waridi, safi, kama za mtoto mchanga. Alikuwa mnyonge kweli. Nilimwonea huruma, nikamwambia wengine vipaji vyao viko kwingine. Nadhani klabu ni yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Mnafiki! Shemeji kaingia leo na kucha nyeusi tititi. Zote kumi! Anadai zimeiva usiku mmoja, kwa kuketi kimya na kupumua. Watoto wakamwinamia mpaka vichwa vikagusa mkeka. Ni rangi ya viatu, harufu niliisikia tangu mlangoni. Lakini niseme nini? Nikisema cheo chake ni uongo, changu kitakuwa nini? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nilipomsimulia mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na yeye Mungu kampa waongo wawili, mmoja kwa kuzaliwa na mmoja kwa kuolewa. Akarudia mambo ya hospitali.

Sikumsikiliza, kwa sababu nilikuwa nimepata jibu. Rangi ya viatu hutoka kwa maji ya moto na sabuni. Yangu nimeisugua hata kwa msasa, haikutoka! Kesho shemeji ataaibika.

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi ulijaa. Nikasimama, nikainama kwa adabu, nikaomba kwamba kabla ya uamuzi tuoshwe miguu hadharani, maana cheo cha kweli hakitoki kwa maji. Makofi! Shemeji akasema ana mafua. Hakuna aliyemsikiliza.

Yakaletwa mabeseni. Mama yake yule binti mwenye pengo akajitolea kutuosha. Maji ya shemeji yakawa meusi kama wino, kucha zake zikatokeza nyeupe, nzuri, zinang'aa. Zamu yangu. Kahawia! Ileile! Nikarusha ngumi hewani, nikapiga kelele za ushindi.

Yule mama hakuinuka. Aliushika mguu wangu na taulo, akaugeuzageuza kwenye mwanga. Nikadhani anastaajabu. Kumbe ni mfamasia! Akatangaza kwamba hiki si cheo, ni fangasi, tena ya siku nyingi, na akauliza nani mwingine anakanyaga mikeka hii peku. Nikauvuta mguu. Mguu ukaja. Kipande cha ukucha kikabaki kwenye taulo.

Watoto wakapanda mabenchi wakipiga mayowe kana kwamba mikeka imewaka moto. Mwalimu Mkuu akatazama kucha zake za waridi, akachangamka ghafla. Akamchagua shemeji. Alisema mwongo msafi ni nafuu kuliko mwongo mwenye fangasi.

Nimelia bafuni. Niliitaka klabu ile kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 10 Juni

Hospitali. Daktari kakata kipande kwenda kupimwa. Jibu likithibitika ni vidonge kwa miezi kadhaa, na ukucha wenyewe utachukua mwaka au zaidi kuota upya. Nikaushe vidole vizuri, nisichangie kandambili na mtu, nisikanyage mkeka peku. Kila neno mke wangu aliitikia kwa kichwa kama vile kalitunga yeye.

Shemeji kanipa kazi ya kuosha mikeka kwa dawa. Ameniomba kwa upole, na upole wake ndio unaouma. Jioni nimeapa mbele ya mke wangu: uongo basi. Nimejisikia mwepesi, mtu mpya kabisa.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudi kufundisha. Nimevaa soksi nyeupe mguu wa kulia, wa kushoto peku. Akaja mzazi mgeni, baba wa mapacha, akaniuliza kwa heshima kwa nini mimi peke yangu nimevaa soksi. Nilifungua kinywa niseme ukweli. Wallahi nilikifungua kwa ajili ya ukweli! Lakini alikuwa ananitazama kwa macho makubwa, na ukumbi ulikuwa umetulia vizuri.

Nikamwambia mguu ukishakuwa hatari mno, sheria inataka ufunikwe, watu wasije wakaumia. Akarudi nyuma hatua moja. Mapacha wanaanza kesho, na wanataka kufundishwa na mimi tu. Shemeji alisikia yote, akanuna. Na anune! Klabu hii bado nitaichukua.