Hewa Ianze kwa Wakubwa

Kasuku, Kindu, tarehe 6 Novemba 1979

Kwa Mwananchi Mkurugenzi,
Shirika la Ndege Mawingu,
Kinshasa.

Mwananchi Mkurugenzi,

Anayekuandikia ni Bulaimu Assani, fundi cherehani wa abakosti, suti zetu zisizotaka tai, karibu na soko la Kasuku, abiria wako wa tarehe 20 mwezi uliopita. Nakuandikia bila hasira. Hasira ilikwisha siku ya nne.

Siku ile tulikuwa tunarudi Kindu. Juu ya mawingu kitu kikapasuka ndani ya ndege, masikio yakaziba, na vile vikombe vya kupumulia vikaanza kuanguka kutoka darini. Rubani aliishusha ndege mpaka tukaona miti, na sote tuko hai. Lakini Ijumaa ya wiki kesho napanda tena ndege hiyohiyo, pamoja na walewale niliokuwa nao siku ile: mama yangu mzazi, baba yangu mkubwa Mzee Kasimu, na binti yangu Jamila wa miaka sita. Jamila ana pumu, na daktari wa hapa amemwandikia karatasi ya kwenda kutazamwa Kinshasa. Njia nyingine ni mto, na mto ni majuma mengi. Kifua chake hakiwezi kungoja. Kwa hiyo hewa ya dharura ya ndege yako imekuwa jambo la nyumbani kwangu. Naomba kabla ya Ijumaa urekebishe haya:

1. Vifuniko. Juu ya safu yetu, ya saba, kulikuwa na vifuniko vitatu. Kimoja kilifunguka chenyewe. Cha pili hostesi alikifungua kwa mpini wa kijiko. Cha tatu kilingoja mpaka tukatua, ndipo kikombe kikamwangukia mtu aliyekuwa anainama kuchukua kuku wake. Hewa ya dharura inayofika baada ya kutua imekuja kutusalimia tu.

2. Mipira ya kupitishia hewa. Kikombe cha kwanza kiliniangukia mimi. Sikukosa malezi: nilimpa mama. Mama akampa Mzee Kasimu, aliyekaa ng'ambo ya njia. Mzee akakigeuzageuza, akauliza, "Ile njo kitu gani?" Nikamjibu kuwa ni hewa. Akasema, "Basi mumupe mugeni kwanza." Mgeni, mfanyabiashara wa Bukavu aliyekuwa nyuma yake, aliweka mkono kifuani akasema, "Aksanti sana, miye nimesha kushiba." Hapo mpira ukakatika. Mkurugenzi, utepe wangu wa kupimia hautoki shingoni, nikaupima mpira ule: sentimita sabini. Aliyeukata alidhani abiria wa huku kwetu Maniema hawana wakubwa? Safu ya mbele yetu ilikata mipira miwili, kwa adabu ileile. Naomba mita nne kwa kila kikombe.

3. Utaratibu. Hostesi wenu Odile (kwa sheria ya kuacha majina ya Kizungu haitwi tena Odile, lakini jina jipya halijafika mtaani kwetu) alinipigia kelele mbele ya watu, akimwonyesha Jamila kando yangu: "Baba, vala yako kwanza! Kiisha ya mutoto!" Binti huyo namjua tangu anabebwa mgongoni. Sisi hata wali hatuutii mkono kabla ya wakubwa, sembuse hewa. Vikombe vianguke kwa umri: cha mkubwa kwanza, akitosheka kianguke cha anayemfuata. Mainjinia walioweza kuipandisha ndege hawatashindwa na hilo.

4. Umri. Wazee wengi hawaujui mwaka waliozaliwa. Mzee Kasimu anasema alizaliwa mwaka wa nzige, na nzige walikuja mara tatu. Kwa hiyo kamati ya watu watano ikae uwanjani kupanga nani ni mkubwa wa nani, na ndege isiondoke kabla hawajakubaliana. Kwa ukoo wetu peke yake shughuli hiyo ilichukua siku sita, kwenye matanga ya babu, na haikuisha.

5. Rubani. Nimesikia kwamba ana hewa yake peke yake huko mbele, na kwamba huvuta kabla ya watu wote. Nimemwona. Hana hata unywele mmoja mweupe. Sioni sababu ya kijana yule kupumua kabla ya mama yangu. Hewa yake iletwe nyuma, na zamu yake ikifika ataitwa.

Naamini utayapokea haya kama mtu mwenye wazazi. Nisalimie makanika, wapakia mizigo, jamaa wote wa nyumbani kwako, na rubani yule pia, ambaye sina ugomvi naye. Mama anakusalimu. Nimemsomea barua yote na amekubali kila neno, hasa la tano.

Mimi, kwa heshima na matumaini,
Bulaimu Assani

Nyongeza. Baada ya kutia sahihi nilitaka kujaribu kumvalisha mtoto nikiwa mimi mwenyewe sina hewa. Nilibana pumzi, nikaanza kumfunga Jamila kitambaa usoni kwa kamba mbili, kama kile kikombe chenu. Nilipofika hesabu ya arobaini vidole vilikataa. Miaka ishirini natia uzi kwenye sindano, na fundo la mwanangu lilinishinda. Yeye alicheka, akidhani ni mchezo. Mimi niliogopa, Mkurugenzi, niliogopa sana. Tafadhali futa namba 2 mpaka 5. Ijumaa nitavaa yangu kwanza, halafu nitamvalisha Jamila, na wakubwa watangoja, Mungu anisamehe. Nakuomba namba 1 tu: vifuniko vya safu ya saba vifunguliwe mbele ya macho yako mwenyewe. Mama amesimama hapa mlangoni, ananiuliza mbona barua haiishi. Nimemwambia naongeza salamu.